UZI: Nilitaka hataza ya mashine yangu ya kufua nazi. Haya ndiyo niliyojifunza kabla sijalipa hata shilingi

#1 Kifuo_Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome jioni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu ipo Tanga. Kwetu nazi inafuliwa kwa kifuo: chuma chenye ncha kimesimikwa ardhini, mfuaji anaishindilia nazi pale juu, anaikongoa kwa nguvu za bega, makumbi yanabanduka. Ukimtazama mzoefu utadhani ni kazi nyepesi. Mjomba wangu aliifanya zaidi ya miaka ishirini, mpaka siku nazi ilipoteleza na ncha ikapita kiganjani mwake. Vidole viwili havikunji mpaka leo.

Baada ya siku ile nikaanza kutengeneza mashine. Rola mbili zenye meno, zinazunguka kinyume. Unaweka nazi juu, meno yanang'ata makumbi na kuyavuta chini, nazi inabaki na kifuu chake. Ya kwanza ilipasua nazi. Ya pili ilikwama kila dakika tano. Ya tatu ilifanya kazi kwa nazi za saizi moja tu. Ya nne inafua, kubwa na ndogo, bila kukwama. Kuna sehemu ya mashine ya nne ambayo sitaieleza hapa. Mkisoma mpaka mwisho mtaelewa kwa nini, na nawaomba msinisihi.

Kila aliyeiona alisema neno moja: "Kaisajili." Yaani nikachukue hataza, ile haki ya kuwazuia wengine wasiuige uvumbuzi wako. Sikujua hata nianzie wapi. Nilidhani unaenda na mashine, wanaikagua kama ni nzuri, wanakupa cheti. Nimetumia miezi mitatu kusoma na kuuliza, na kosa langu kubwa lilikuwa kwenye swali lenyewe. Mimi nilikuwa najiuliza kama mashine yangu ni nzuri. Sheria haiulizi hivyo kabisa.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217, inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika katika uzalishaji wa aina yoyote, kilimo kikiwemo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inataka hayo hayo matatu. Karibu dunia nzima ni hivyo.

Lakini kabla ya hayo matatu kuna mlango mwingine ambao wengi tunaupita bila kuuona: je, ulichonacho ni uvumbuzi, au ni ugunduzi? Mfano ninaoupenda ni wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa moto unaganda kabla ya uliopoozwa kwanza. Walimu hawakumwamini. Mwaka 1969 aliandika makala pamoja na Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Heshima kubwa kwa nchi yetu. Hata hivyo Mpemba asingepata hataza ya jambo lile, kwa sababu hakulitengeneza yeye. Lilikuwepo kwenye maji tangu maji yawepo. Angetengeneza friza ya aina mpya inayotumia siri ile kuokoa umeme, hapo angekuwa na cha kupeleka.

Mashine yangu ni kitu kilichotengenezwa, mlango huo nikaupita. Nikaja kwenye upya.

Upya wenyewe si wa Tanga wala wa Tanzania. Kitu kikiwa kimeshachapishwa au kuoneshwa hadharani popote, kwa lugha yoyote, mwaka wowote, si kipya tena. Gazeti la Ufilipino la miaka ya zamani linatosha kukufungia. Kwa hiyo usiku mmoja nikachukua simu na kuingia Espacenet, hifadhi ya nyaraka za hataza ya ofisi ya Ulaya. Ni bure. Ipo pia Patentscope ya WIPO, shirika la miliki ubunifu la dunia, bure vilevile.

Mara ya kwanza niliandika maneno ya Kiingereza ya "mashine ya nazi", nikapata takataka. Kijana mmoja wa chuo akanifundisha kwamba kila uvumbuzi hupangwa kwa namba ya fungu lake, kama vitabu vya maktaba. Mashine za kumenya na kuvunja jamii ya karanga na kokwa zipo A23N 5, na nazi wana kijifungu chao: A23N 5/03. Wakuu, nilipoiandika ile namba moyo ulinienda mbio. Kurasa na kurasa. India, Sri Lanka, Ufilipino, Brazili, Thailand. Michoro ya rola mbili zenye meno, zinazunguka kinyume. Mashine yangu! Mtu alishaichora kabla mimi sijazaliwa. Na kando ya hizo, India kuna kifaa cha wenzo cha mkono kinaitwa Keramithra, kilichotoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Kerala, ambacho kinafua nazi bila hata injini.

Nilizima simu nikalala. Siku mbili sikugusa karakana.

Siku ya tatu nilirudi nikasoma upya, safari hii polepole, nikiwa na daftari. Nikaichambua mashine yangu kipande kimoja kimoja. Fremu, ipo kwa wengine. Rola mbili, zipo. Meno ya pembe ile, yapo. Springi ya kuruhusu rola kusogea nazi kubwa ikipita, ipo kwa wawili. Nikafika kwenye ile sehemu ambayo sitaieleza. Nikatafuta wiki nzima. Sikuiona popote ikiwa imefungwa namna ile.

Kuna kanuni iliyonitoa gizani. Ili wakaguzi wa ofisi ya hataza waseme kitu chako si kipya, lazima waoneshe waraka mmoja, au kifaa kimoja, chenye sehemu zako zote kwa pamoja. Hawawezi kuchukua fremu ya huyu na springi ya yule wakasema "tayari ilikuwepo". Lakini usishangilie, maana kwenye swali la hatua ya uvumbuzi wanaruhusiwa kuunganisha. Hapo wanauliza: fundi wa kawaida wa fani hii, mwenye nyaraka zote hizo mbele yake, angeiunganisha hivi bila kuumiza kichwa? Akisema "ndiyo, ningefanya vivyo hivyo", huna hataza, hata kama hakuna aliyewahi kuiunganisha.

Hapo ndipo nilipo. Karibuni wenye uzoefu.

#2 Mkuranga_Shamba

Mkuu umeandika vizuri sana. Mimi nina minazi, nimeshaona video ya mashine ya kufua nazi mtandaoni, kijana anaongea lafudhi ya Tanga. Isije ikawa ndiyo yako?

#3 Kifuo_Tanga

Ndiyo yangu ndugu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mpwa wangu aliirekodi mashine ya tatu akaiweka mtandaoni kwa kunitakia mema. Nilipojua habari za upya nilimwomba aiondoe, ila nilishaelewa kuwa kuiondoa hakubadili kitu. Kilichooneshwa kimeoneshwa. Kilichoniokoa ni kwamba ile ni ya tatu, haina sehemu ninayoizungumzia. Sehemu hiyo ipo kwenye ya nne tu, na ya nne haijatoka karakana. Wateja wawili waliokuja kuiona niliwaonesha ikiwa imefunikwa pembeni, nazi inaingia juu na kutoka chini.

Watu wanadhani "hadharani" maana yake ni uwanja wa maonesho au runinga. Kesi mbili zimenifunza vingine.

Ya kwanza ni ya Marekani. Mwaka 1855 mwanamume mmoja alitengeneza vyuma vya koseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno, visivyovunjika upesi. Akampa rafiki yake wa kike jozi moja. Yule mama akavivaa kwa miaka mingi, chini ya nguo zake, wala hakuna mtu aliyeviona barabarani. Jamaa akaja kumwoa, na mwaka 1866 ndipo akaomba hataza. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi yao, ikaamuliwa 1881: hataza haifai, kwa sababu kitu kilishatumika hadharani. Ilikuwaje hadharani na kilikuwa kimefichwa mwilini? Kwa sababu alimpa bila kumfunga kwa sharti lolote la siri. Mtu mmoja asiye na sharti anatosha.

Ya pili ni ya Uingereza, na sisi watu wa pwani itatugusa. Kampuni ya Marekani ilikuwa na hataza ya ubao wa kuteleza majini wenye tanga, iliyoombwa 1968. Miaka ya 1980 walimshtaki mshindani wao Uingereza. Mshindani akaleta ushahidi kwamba mwaka 1958 kijana wa miaka 12, Peter Chilvers, alijitengenezea ubao wenye tanga na kuuchezea pwani ya kisiwa cha Hayling likizo za kiangazi. Alitengeneza mmoja, hakuuza wala hakuandika popote. Watu walimwona anacheza, basi. Hataza ya kampuni ikaanguka. Boriti ya tanga la mtoto ilikuwa imenyooka wakati ya kampuni ilikuwa imepinda, lakini ya mtoto nayo ilipinda upepo ukiivuta, na mahakama ikasema tofauti iliyobaki fundi yeyote angeivuka.

Fikirini ni ngalawa ngapi na vifaa vingapi vya watoto wetu vimeshapita mbele ya macho ya watu pwani hii.

#4 Wakili_Mtaa

Mwanzisha uzi, hongera, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja ofisini. Naongeza mawili tu.

Kwanza, kuna nchi zinazokusamehe ukijifunua mwenyewe. Kenya inatoa miezi 12 kabla ya tarehe ya maombi, na Marekani vilevile. Ulaya hawasamehi, isipokuwa kwa milango myembamba sana, kama mtu kukusaliti. Kwa hiyo mtu anayetaka hataza zaidi ya nchi moja asiutegemee msamaha wowote. Aombe kwanza, aoneshe baadaye.

Pili, upekuzi wako hata ukiwa mzuri namna gani una kiza upande mmoja. Maombi mengi huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa. Aliyeomba mwaka jana humuoni leo, naye anaweza kuwa amekutangulia. Hilo si la kukukatisha tamaa, ila usiwaahidi wafadhili kwamba "hakuna mwingine duniani".

#5 Nyali_Dev

Niaje watu wangu. Mimi niko Mombasa. Nina programu ya simu ya chama: wanachama wanachanga, mfumo unashika pesa, zamu ya mtu ikifika na masharti yakitimia inamtumia yenyewe. Mweka hazina hawezi kutoroka na pesa. Hakuna kitu kama hii mtaani kwetu. Naeza pata hataza?

#6 Wakili_Mtaa

Ndugu wa Nyali, nikujibu bila kuzunguka. Mpango wa kuendesha chama, hata uwe mzuri kiasi gani, ni njia ya kufanya biashara, na sheria ya Kenya inazitoa njia za biashara nje ya uvumbuzi kwa maneno ya wazi. Ya Tanzania pia. Kuuweka mpango huo ndani ya simu hakuubadilishi kuwa mashine.

Marekani, ambako watu husema kila kitu kinasajiliwa, kesi iliyofanana na yako iliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2014. Kampuni ya Alice ilikuwa na hataza za mfumo wa kompyuta unaokaa katikati ya watu wawili na kuhakikisha kila mmoja ana uwezo wa kulipa kabla ya malipo kupita. Mahakama ikasema mtu wa kati wa kuaminika ni wazo la kale, na kuifanya kompyuta ya kawaida iwe mtu wa kati hakuongezi uvumbuzi. Hataza zikabatilishwa.

Jiulize swali hili: je, ndani ya programu yako kuna tatizo la kiufundi ulilolitatua kwa njia ya kiufundi? Mfano, simu za batani zisizo na intaneti zinathibitishaje muamala mtandao ukikatika katikati? Kama umebuni njia mpya ya hilo, tuzungumze hiyo, tuache chama pembeni. Vinginevyo msimbo wako una hakimiliki tangu ulipouandika, na jina lake unaweza kulisajili kama alama ya biashara.

#7 Nyali_Dev

Ya mtandao kukatika iko. Wacha ninyamaze basi.

#8 Kifuo_Tanga

Umefanya vizuri mno.

#9 Umeme_Bure

Wakuu mimi nina jenereta isiyotumia mafuta. Mota inazungusha dainamo, dainamo inarudisha umeme kwa mota, unaobaki unawasha nyumba. Kila ofisi ninayokwenda wananikataa. Huu si wivu?

#10 Kifuo_Tanga

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima kwa sababu najua jasho la karakana. Sharti la tatu, la kuweza kutumika, maana yake kitu lazima kifanye kile unachosema kinafanya. Mashine inayotoa nguvu nyingi kuliko inayopewa inapingana na kanuni za fizikia, ndiyo maana ofisi za hataza duniani huikataa. Marekani kwa kawaida hawamtaki mvumbuzi alete kifaa chenyewe, lakini kwa mashine ya namna hii wana haki ya kumwambia akilete kizunguke mbele yao.

Nakuomba ufanye jaribio moja. Chaji betri iliyoanzisha mota, ipime, iondoe kabisa kwenye mzunguko, kisha uiache mashine izunguke yenyewe huku imewasha taa moja, na uandike imekaa saa ngapi. Huenda ukagundua mota yako inakula umeme kidogo kuliko mota nyingine. Hilo lingekuwa jambo la kweli, na lingefaa kupekuliwa.

#11 Bint_Micheweni

Assalaam alaykum. Niko Pemba. Bibi yangu ana dawa ya majipu na upele, ya mwarobaini na manjano na kitu cha tatu ambacho kwa maneno yenu hapo juu sikitaji. Watu wanatoka Unguja kuifuata. Nnaogopa kampuni za nje zitaichukua zitupokonye. Naweza kuisajili kwa jina la bibi? Na nikisajili Dar es Salaam inatosha?

#12 Wakili_Mtaa

Waalaykum salaam dada. Nianze na la mwisho kwa kuwa ni fupi. Haitoshi. Mali ya viwanda, yaani hataza, alama za biashara na kadhalika, si jambo la Muungano. BRELA, wakala wa usajili, ni ya Bara. Zanzibar mna sheria yenu ya mwaka 2008 na wakala wenu, BPRA. Hataza ya upande mmoja haivuki bahari kwenda upande wa pili.

Sasa hofu yako. Ni ya haki kabisa, na imeshawapata wengine. Mwaka 1995 chuo kikuu cha Mississippi, Marekani, kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano! India, kupitia baraza lao la utafiti la CSIR, wakapinga, wakapeleka maandishi ya kale na makala ya jarida la kitabibu la mwaka 1953 yanayoonesha matumizi yale yale. Mwaka 1997 hataza ikafutwa.

Mwarobaini nao. Kampuni ya W. R. Grace pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani walipata hataza ya Ulaya mwaka 1994, ya kuua ukungu wa mimea kwa mafuta ya mbegu za mwarobaini. Vandana Shiva wa India na wenzake wakaipinga, ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005. Ushahidi haukuwa wa vitabu pekee. Watu walikuja kueleza kile ambacho India ilikuwa ikifanya siku zote.

Ila dada, kisu hicho hicho kinakata pande zote mbili. Kilichowanyima Wamarekani ndicho kinachoweza kumnyima bibi. Kama Pemba nzima inajua mwarobaini na manjano kwa upele, hakuna upya wa kusajili, kwa mgeni wala kwa mwenyeji. Cha kuangalia ni kile cha tatu. Je, ni bibi pekee anayekijua? Kinabadilisha dawa kwa namna ambayo mganga mwingine asingeitarajia? Kuna hatua ya kuandaa, labda joto fulani au muda fulani, inayofanya dawa ikae miezi bila kuharibika? Njia ya kuandaa inaweza kupata hataza. Kumpaka mgonjwa hakuwezi, kwa sababu njia za tiba zenyewe zimetolewa na sheria. Dawa yenyewe haijatolewa.

Na kuna njia nyingine ambayo watu wanaidharau: kunyamaza. Hataza ni mapatano na serikali. Wewe unaandika kila kitu wazi ili fundi mwingine aweze kukitengeneza, nao wanakupa ulinzi wa miaka isiyozidi 20. Baada ya hapo kila mtu anatumia. Siri ya familia haina mwisho, maadamu haijavuja na hakuna aliyeigundua kivyake. Kaa na bibi mzungumze kabla hamjaamua.

#13 Bint_Micheweni

Ahsante sana. Cha tatu anakijua yeye na mimi tu, mama hakijui. Nitakaa naye inshaallah, na watu wote wanaokuja nitawaambia dawa wanapewa ilhali tayari imeshatwangwa.

#14 Fundi_Chang'ombe

Mkuu weka hata picha ya ile sehemu basi, tukuambie kama ina maana. Sisi ni mafundi wenzako.

#15 Kifuo_Tanga

Kwa moyo mweupe ndugu, hapana. Nikiiweka hapa leo, kesho mkaguzi anaweza kuufungua uzi huu na kunisomea maandishi yangu mwenyewe.

*(wiki saba baadaye)*

#16 Kifuo_Tanga

Wakuu, nimerudi. Maombi yamepokelewa, nina tarehe ya kuwasilisha. Kuanzia tarehe hiyo nina miezi 12 ya kuamua kama nitaomba nchi nyingine nikitumia tarehe ile ile, kwa mfano kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika kule Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi nyingi za Afrika. Wakili_Mtaa alinisaidia kuandika madai, yaani sentensi zinazoweka mipaka ya kile ninachokilinda, kwa bei ya udugu, baada ya kunisainia karatasi ya kutunza siri. Tulibishana saa nzima juu ya neno "chuma". Mimi niliandika kitana cha chuma. Yeye akalifuta, akisema mtu atatengeneza cha plastiki ngumu na nitakuwa nimemruhusu kwa mkono wangu.

Ndiyo, ni kitana. Yaliyomo kwenye maombi sasa naweza kuyasema, na nina deni kwenu.

Tatizo la mashine za rola ni nyuzi za makumbi. Zinajisokota kwenye meno, rola inageuka mpira, mashine inasimama, mtu anachukua kisu. Nikaweka kitana kinachopita katikati ya meno na kuzing'oa. Lakini rola yangu moja inasogea nazi kubwa ikipita. Kitana kikifungwa kwenye fremu, rola ikisogea ama kinagongana na meno, ama kinabaki mbali na nyuzi zinapita. Mashine ya pili na ya tatu zilikufa kwa sababu hiyo. Kwenye ya nne nimekifunga kitana kwenye mkono ule ule unaobeba rola. Rola ikienda, kitana kinakwenda nayo. Nafasi baina yao haibadiliki.

#17 Pamba_Kahama

Shikamoo kwa wakubwa. Mimi nimefanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba. Sitaki kukuvunja moyo mkuu, lakini kusafisha meno ya rola kwa brashi au kitana ni jambo la zamani sana. Mashine ya pamba ya Eli Whitney, hataza yake ni ya 1794, ilikuwa na brashi inayozunguka kung'oa pamba kwenye meno. Mkaguzi akiichukua ile akaiunganisha na zile rola za India, huoni umekwisha?

#18 Kifuo_Tanga

Marahaba ndugu wa Kahama. Hili ndilo swali bora kuliko yote kwenye uzi huu, na nakushukuru kwa kuliuliza waziwazi.

Whitney sikumjua mpaka Wakili alipomtaja, tukamweka ndani ya maelezo ya maombi sisi wenyewe. Ile kesi ya ubao wa tanga iliacha njia ya kufikiri ambayo tuliifuata. Kwanza tukataja kiini cha uvumbuzi. Kisha tukavaa viatu vya fundi wa kawaida wa siku ile, na yale anayoyajua. Halafu tofauti baina ya yaliyokuwepo na ya kwangu. Mwisho, bila kuchungulia jibu langu, tukauliza: tofauti hiyo angeivuka mwenyewe?

Kusafisha meno si kiini changu, nakubaliana nawe kabisa. Kwenye mashine ya Whitney pipa la meno linazunguka pale pale lilipo, halisogei pembeni, kwa hiyo swali langu halikuwahi kumfika. Kwa wale wawili wenye rola ya springi, swali lilikuwepo, nao hawakuweka kitana. Mmoja anaeleza kwenye waraka wake kwamba mashine isimamishwe na nyuzi zikatwe. Alikuwa na tatizo mkononi na jibu lake likawa kisu. Mimi nasema hiyo ni dalili kwamba kitana kinachosafiri na rola hakikuwa wazi kwa fundi wa kawaida. Mkaguzi anaweza kusema kilikuwa wazi, kwamba fundi yeyote akiona kitana kinagongana angekihamishia kwenye mkono. Mimi mwenyewe ilinichukua mashine mbili na mwaka mmoja na nusu kuona.

Akikataa, kwa Bara kuna cheti cha matumizi kinachotolewa kwa uvumbuzi mdogo bila kudai hatua kubwa kama hiyo, na Kenya wanayo modeli ya matumizi ya miaka 10. Tumeshajadili, tutageuzia huko.

#19 Pamba_Kahama

Nimekuelewa. Waraka wa yule anayesema nyuzi zikatwe kwa kisu, umeutaja kwa namba kwenye maombi?

#20 Kifuo_Tanga

Kwa namba, na ukurasa, na sentensi yenyewe nimeitafsiri. Barua ya mkaguzi ikija nitaiweka hapa, iwe ya kukubali au ya kukataa. Kwa sasa natengeneza ya tano. Mjomba ndiye anayeijaribu, anaweka nazi kwa mkono ule ule.

#21 Mkuranga_Shamba

Ya tano imebadilika nini?

#22 Kifuo_Tanga

Hiyo bado imefunikwa, ndugu.